SAUTI NYUMA YA PICHA

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Wasomaji wengi wa gazeti letu hili wamepata kutazama sinema za kigeni zilizotiwa maneno ya Kiswahili, nao wanaijua ile sauti moja inayosema kwa niaba ya watu wote waliomo katika picha: mzee na kijana, bibi arusi na jambazi, hata mbwa akipewa nafasi. Lakini ni wachache waliopata kujiuliza mwenye sauti ile ni nani, na hufanya kazi yake kwa namna gani. Mimi nilianza kujiuliza muhula uliopita, kwa sababu ya kosa nililolifanya mwenyewe na ambalo nitalieleza mbele. Kwanza yafaa tuitazame kazi yenyewe.

Nyumbani kwetu ni hapa hapa Chang'ombe, Dodoma. Nilipokuwa mdogo palikuwa na banda la video karibu na nyumba yetu, lenye kuta za mabati na mabenchi ya mbao. Wakati wa kiangazi vumbi lilipenya kila tundu, na mwenye banda alikuwa akikipangusa kioo cha televisheni kwa kipande cha kanga kila picha ilipokwisha. Nje aliweka ubao mweusi, akaandika kwa chaki majina ya picha za siku ile, na chini ya kila jina akaandika jina la mtafsiri. Nakumbuka vizuri kwamba watu wazima walisoma mstari wa chini kwanza. Picha isiyokuwa na mtafsiri, hata ikiwa mpya, ilitazamwa na watoto watatu na mwenye banda mwenyewe.

Katika nchi yetu, mtu anayetajwa kuwa mmoja wa waanzilishi wa kazi hii ni Derek Mukandala, aliyejulikana kila mahali kwa jina la Lufufu. Alikuwa askari jeshi, akafika cheo cha kapteni, kisha akawa msimulizi wa sinema mjini Dar es Salaam. Alisimulia picha za Kihindi, za Kichina na za Kimarekani, na kanda zake zikasambaa bara na pwani. Wenzetu wa Uganda nao wana wasimulizi wao, ambao huitwa VJ, na wengi wao husema kwa Kiganda. Mmoja wao, VJ Emmie, alijulikana hata Ulaya na Marekani kwa maneno aliyoyatia katika filamu ya Wakaliga, Kampala, iitwayo Who Killed Captain Alex, ya mwaka 2010. Kenya yuko DJ Afro, ambaye Kiswahili chake kimechanganyika na cha mitaani hata mwalimu wetu wa lugha hushika kichwa akikisikia, ingawa nimemwona akicheka.

Sasa, kazi hufanywaje? Msimulizi mwenye kuiheshimu kazi yake huitazama picha kwanza peke yake, mara moja au mbili, apate kujua nani ni nani na mwisho wake ni nini. Kisha huketi mbele ya kipaza sauti. Akisema yeye, sauti ya picha hupunguzwa; akinyamaza hupandishwa, ili watazamaji wasikose mlio wa bunduki wala nyimbo za Kihindi. Zamani sauti yake ilirekodiwa katika kanda za VHS, kanda zikanakiliwa, na nakala zikasafiri kwa basi mpaka vijijini. Baadaye zikaja sahani za DVD, na siku hizi mtu huenda dukani na flashi yake au kadi ya simu akatiliwa picha anazozitaka.

Msidhani kwamba msimulizi hufasiri kila neno. Hawezi. Mzungumzaji wa kwenye picha husema upesi, tena mara nyingi wanasema wawili kwa pamoja, na Kiswahili chataka nafasi yake. Kwa hiyo huchagua. Jambo moja hulifasiri, la pili huliacha, la tatu hulieleza kwa maneno yake. Akiona desturi ambayo watu wa kwetu hawaijui, husimamisha hadithi kidogo na kuifafanua. Akiona mtu mpumbavu, humkemea. Matthias Krings, mtaalamu wa Kijerumani aliyeichunguza kazi hii Tanzania, aliandika makala ambayo katika jina lake aliifananisha na kugeuza wali kuwa pilau. Mfano huo umekaa vizuri, maana anayekula pilau hawezi tena kuutenga mchele na viungo. Wala mtazamaji hawezi kujua ni neno lipi lililotoka kwa mchezaji na lipi lililotoka kwa msimulizi.

Wengine hudhani kwamba jambo hili lilianza na video. Sivyo. Kati ya mwaka 1935 na 1937 palikuwa na kituo cha kutengeneza sinema za mafunzo huko Vugiri, katika milima ya Usambara, chini ya Meja Notcutt. Picha zile zilihusu kilimo, afya, kodi na akiba ya fedha. Zilipelekwa kwa gari katika sehemu nyingi za Afrika ya Mashariki na ya Kati, na maelezo yake yalirekodiwa katika santuri kwa lugha mbalimbali, yakapigwa sambamba na picha. Santuri ikienda mbele ya picha au ikibaki nyuma, watu walisikia habari ya ng'ombe huku wakitazama pamba. Na kabla ya hapo, huko Japani, wakati sinema zilipokuwa bubu, palikuwa na wasimulizi walioitwa benshi. Walisimama kando ya pazia wakaeleza kila kitu kwa sauti zao, na watu walilipa kiingilio kwa ajili ya benshi fulani kuliko kwa ajili ya mchezaji. Sinema zenye sauti zilipoenea katika miaka ya 1930, kazi yao ikafa.

Huko Marekani iko kazi iliyo ndugu ya hii, nayo ni kusema katika vionjo, yaani vile vipande vya dakika mbili hivi vinavyoonyeshwa kabla filamu haijatoka, ili watu waitamani. Aliyevuma kuliko wote ni Don LaFontaine, aliyezaliwa mwaka 1940 mjini Duluth, Minnesota. Yeye naye, kama Lufufu, alipitia jeshini, ambako alikuwa fundi wa kurekodi sauti. Baadaye alikuwa akitengeneza matangazo ya sinema mjini New York. Siku moja katika miaka ya 1960 msemaji aliyengojewa hakutokea, nao walikuwa na filamu ya kutangaza, iitwayo Gunfighters of Casa Grande. LaFontaine akasema mwenyewe. Tangu siku ile mpaka alipokufa mwaka 2008 inahesabiwa kwamba alisema katika vionjo zaidi ya 5,000. Kazi zilipomzidi alikuwa na gari na dereva wa kumtoa studio moja hadi nyingine, na baadaye akaweka mitambo nyumbani kwake, akawa anaipeleka sauti kwa njia ya simu. Vionjo vyake vingi vilianza kwa maneno yenye maana ya "Katika ulimwengu ambamo...", na watu wakayaiga mpaka yakawa mzaha.

London nako yuko Redd Pepper, ambaye kabla ya kuingia katika kazi hii alikuwa dereva wa treni za chini ya ardhi. Wanawake katika kazi hii ya vionjo wamekuwa wachache mno. Melissa Disney alisema katika kionjo cha Gone in 60 Seconds cha mwaka 2000, na likawa jambo la kuzungumzwa, kwa vile sauti ya mwanamke ilikuwa haisikiki katika vionjo vya filamu kubwa za namna ile. Dada zetu wa shule jirani wanaosoma gazeti hili watapenda kujua kwamba mwaka 2013 Lake Bell alitengeneza filamu nzima juu ya mwanamke anayeitafuta kazi hiyo. Siku hizi hata wanaume inawapungukia, kwa kuwa vionjo vingi havina msemaji tena. Hutumia maandishi na maneno ya wachezaji wenyewe.

Kuna tofauti moja kubwa kati ya LaFontaine na Lufufu. Msikilizaji wa LaFontaine alikuwa akijua Kiingereza. Kama kionjo kilimdanganya, angeingia sinema akagundua, akadai shilingi yake walau kwa manung'uniko. Mtu wa bandani Chang'ombe hana pa kugundulia. Hapo ndipo lilipoingia kosa langu.

Shuleni kwetu huonyeshwa filamu bwaloni baadhi ya Jumamosi usiku. Muhula uliopita ililetwa filamu ya Kiingereza juu ya wadudu na nyoka wenye sumu. Kidato cha Kwanza hawakuwa wakielewa Kiingereza sawasawa, kwa hiyo kiranja wa burudani akanipa kipaza sauti, kwa kuwa bwenini nilikuwa nimejulikana kwa kuwaiga wasimulizi. Sikuwa nimeitazama filamu ile hata mara moja. Nilifanya kama nilivyowasikia wakubwa wakifanya: nilimpa nyoka jina, nikamfanya nge awe mwenye nyumba anayedai kodi, na bwalo zima likacheka mpaka sahani zikalia. Nilifurahi kupita kiasi. Ilipofika sehemu ya mtu aliyeumwa, pazia lilionyesha mkono ukikaza kamba mguuni, kisha wembe, kisha mtu akifyonza. Mimi nikasema ninachokiona. "Haya, wanafunzi, mnaona? Kamba, wembe, fyonza, mtu apona!"

Siku tisa baadaye mvulana wa Kidato cha Kwanza aliumwa na nge alipokuwa akiinua mawe nyuma ya bustani ya mboga. Hapa Dodoma mambo hayo si ajabu. Wenzake walimfunga mguu kwa mkanda wa suruali, wakaukaza, na mmoja akakimbia bwenini kuleta wembe. Alikuwa amekwisha kuchanja mara moja, juu juu, muuguzi wetu wa shule alipowafikia. Akaufungua mkanda, akamtuliza mtoto, akamfungia jeraha na kumpeleka hospitali. Mtoto alipata maumivu usiku kucha, akapona. Muuguzi aliporudi aliwauliza wale wenzake, "Ni nani aliyewafundisha haya?"

Wakamjibu, "Tuliona sinema, mama."

Hawakulitaja jina langu. Nilikuwa nimesimama mlangoni, nikasikia. Hawakuwa wakinificha, kwao hakuwa mimi niliyesema, ilikuwa picha.

Nilikwenda kwa mwalimu wa zamu jioni ile ile nikaungama. Alininyamazia kidogo, kisha akaileta filamu, tukaitazama wawili katika ofisi yake. Ile sehemu ya kamba na wembe ilikuwa ikionyesha mambo ambayo watu huyafanya kwa makosa. Msemaji wa Kiingereza alikuwa akisema mtu asifanye hivyo kamwe: asifunge, asichanje, asifyonze, bali mgonjwa atulizwe, asitembezwe ovyo, apelekwe hospitali upesi. Neno lile la kukataza lilikuwa fupi, nalo lilinipita wakati watu walipokuwa wakimcheka nge wa kodi. Mwalimu akaniambia, "Kijana, macho yako yalifasiri, masikio yako yalikuwa kwa wanaokushangilia."

Likizo iliyofuata nilimwendea mwenye duka la filamu hapa Chang'ombe, nikamwuliza kama wasimulizi nao hukosea. Alicheka sana. Akasema hukosea kila siku, lakini katika picha ya mapigano kosa halimwui mtu. Akaniambia pia jambo ambalo sikulijua: kwamba wasimulizi wengi wanalalamika kuwa kazi zao hunakiliwa na wengine bila kulipwa, nao wenyewe huzitumia sinema za watu wengine bila ruhusa. Nilipoitafuta sheria maktabani nilikuta kwamba Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 yampa mwenye kazi haki ya kuamua ni nani aifasiri. Kwa hiyo msimulizi anayedai haki yake mbele ya mwizi amesimama juu ya kiti ambacho hajakilipia. Mimi nampenda Lufufu na sijui niseme nini juu ya hilo. Najua tu kwamba bila yeye na wenzake, bibi yangu, ambaye Kiingereza chake ni "good morning" peke yake, asingelipata kucheka hata siku moja mbele ya sinema ya Kichina au ya Kimarekani.

Filamu ile ya nge ilirudiwa Jumamosi ya tatu ya muhula huu, kwa amri ya Mwalimu Mkuu, na mimi nikaamriwa kuisimulia tena. Niliitazama mara nne kabla, kamusi ikiwa magotini. Niliyaandika maneno yote katika daftari, yakajaza kurasa kumi na moja, na muuguzi akayasoma na kusahihisha mahali pawili. Usiku ule alikuja bwaloni mwenyewe, akaketi benchi la mbele, pamoja na yule mvulana aliyeumwa. Watu walicheka mara mbili tu.