Mgeni katika kisiwa cha ndugu zake

Ikitajwa "mhamiaji haramu" fikra zetu hukimbilia Lampedusa. Wiki hii tuitazame bahari iliyo jirani yetu. Kutoka Nzwani (Anjouan) hadi Maore, ambayo Wafaransa huiita Mayotte, ni kilometa 70 hivi. Hadi 1995 Mnzwani alivuka kwenda kuoa, kutibiwa au kumzuru shangazi yake bila kuulizwa karatasi. Mwaka huo Ufaransa ikaweka viza.

Chanzo ni kura ya Desemba 1974. Visiwa vitatu vya Komoro vilichagua uhuru, Maore ikakataa. Umoja wa Mataifa uliipokea Komoro mwaka 1975 kama nchi ya visiwa vinne, lakini Paris haikujali, na mwaka 2011 Maore ikafanywa mkoa kamili wa Ufaransa. Ndivyo mtu alivyolala jamaa, akaamka mhamiaji haramu. Karibu wote ni Waislamu, tena Mashafii. Na hili ndilo linalouma: wanaopiga kelele wafukuzwe, wengi wao ni wenyeji wa Maore, si Wazungu.

Tuje sasa kwenye huko kurudishwa. Aliyekamatwa Paris akikata rufaa, kwa kawaida haondolewi kabla hakimu hajaamua. Maore rufaa ya kawaida haizuii safari. Mtu hukamatwa leo, kesho yumo melini kwenda Mutsamudu. Katika miaka kadhaa wanaorudishwa wamezidi 20,000 kwa mwaka, katika kisiwa cha watu laki tatu na kitu.

Novemba 2013 walikamatwa baharini watoto wawili, wa miaka 3 na 5. Baba yao alikuwa akiishi Maore kihalali. Maofisa wakawaandika chini ya jina la mtu mzima asiye mzazi wao, wakawarudisha Komoro pamoja naye. Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliihukumu Ufaransa kwa hilo Juni 2020. Miaka sita na ushei ilikuwa imepita.

Wapo pia waliopelekwa Maore wakiwa wachanga, wakasomea huko, kisha wakifika miaka 18 bila kibali wakashushwa Mutsamudu. Wanaambiwa wamerudi kwao. Kwao kwa nani? Nyumba hawana, rafiki hawana, na wenyeji huwaona wageni. Hivyo wengi hutafuta nauli ya kwasa, ile mashua ndogo ya mashine, wakaingia tena bahari ile ile ambayo imekwisha meza maelfu.