Hamu ya Sigara, na Vepu Inaposhika Mahali Pake

Katika somo la Baiolojia twajifunza habari za mapafu, damu na ubongo, kila kimoja katika sura yake. Lakini liko jambo moja liviunganishalo vyote vitatu kwa muda mfupi sana, nalo ni moshi wa sigara. Mtu avutapo, nikotini iliyomo katika tumbaku huingia mapafuni, hupita katika damu, na kufika ubongoni kwa muda wa sekunde 10 hadi 20. Sindano ichomwayo msulini haifiki upesi namna hiyo.

Ikifika ubongoni, nikotini hugusa vipokezi fulani, na ubongo hutoa kemikali iitwayo dopamini, ambayo humpa mtu raha kidogo. Raha hiyo haikai. Kwa muda wa saa mbili hivi, nusu ya nikotini imekwisha kuondoka katika damu. Ubongo uliokwisha kuzoea huanza kuidai, na mwenyewe huona kama amepungukiwa na kitu: hukasirika upesi, hushindwa kukaza fikira, na mikono haitulii. Madaktari huhesabu jambo hili miongoni mwa maradhi. Vijana wa mjini huliita arosto. Mimi nitaliita hamu.

Nimeona yafaa niandike habari hii kwa sababu vepu, yaani sigara za umeme, zimekwisha kuingia mjini kwetu Dodoma. Wako watu wazima wazisifuo kuwa ni dawa ya kuachia sigara, na wako vijana wazichukuliao kuwa ni mchezo. Maneno hayo mawili si sawa hata kidogo, na kila moja lataka kutazamwa peke yake.

Tumbaku si ngeni kwetu. Wazee wa Kigogo walinusa ugoro kabla ya sigara za pakiti kufika. Jina la nikotini latokana na Jean Nicot, balozi wa Ufaransa mjini Lisbon, aliyepeleka tumbaku kwao mnamo mwaka 1560. Yafaa pia tukumbuke, kabla hatujaisema vibaya tumbaku, ya kuwa wako wenzetu wa kutoka Urambo na Kaliua ambao sare na madaftari yao yalinunuliwa kwa fedha za zao hilo. Si lengo langu kuwalaumu wazazi wao.

Sasa nije kwa mjomba wangu, maana kwake ndiko nilikojifunzia mengi ya habari hii. Yeye ni fundi mwashi, akaa Chang'ombe, na tangu serikali ilipotangaza mwaka 2016 kuhamia Dodoma hajakosa kazi. Alianza kuvuta kabla sijazaliwa. Kwa siku alivuta sigara 15 hivi, akizinunua mojamoja dukani, na kwa njia hiyo hakupata kujua atumia fedha kiasi gani. Mwaka huu kikohozi cha asubuhi kilimtisha. Binamu yangu wa Dar es Salaam akamletea vepu. Siku mbili za kwanza mjomba alifurahi mno. Siku ya tatu nilimwona ana vepu mfuko wa kushoto na sigara mfuko wa kulia.

Likizo ya Juni ilikuwa imeanza, nami nilikuwa nikimsaidia kubeba maji kazini. Nikamwomba aniruhusu kuandika katika daftari kila hamu imjiapo: ni saa ngapi, afanya nini, na yadumu dakika ngapi kwa saa ya mkononi.

"Haya, mjomba," akaniambia, "lakini isiwe ripoti ya polisi."

Kabla ya hapo yeye mwenyewe alidhani hamu humwandama mchana kutwa. Daftari lilionyesha vingine. Hamu kali zilikuwa tano, na karibu zote zilikuwa na saa zake. Ya kwanza, na iliyo kali kupita zote, ilikuja alipoamka, kwa kuwa usiku kucha damu yake ilikuwa imekosa nikotini. Ya pili ilikuja saa 4, baada ya chai. Ya tatu baada ya ugali wa mchana. Ya nne ilikuja wakati wa kungoja udongo wa saruji ukorogwe, mafundi wamekaa kivulini, mikono mitupu. Ya tano ilikuwa ya jioni, kijiweni kwenye kahawa. Zaidi ya hizo palikuwa na za dharura, mathalani siku mwenye nyumba alipokuja kusema malipo yamesogezwa mbele. Siku hiyo sikuthubutu kumwuliza ni dakika ngapi.

Jambo lililomshangaza zaidi ni urefu wake. Makali ya hamu moja hayakuzidi dakika 5, mara nyingi hata 3 hazikutimia. Hupanda, hufika kileleni, hushuka, hata kama mtu hakuvuta kitu. Mvutaji hajui hayo kwa sababu kila mara huwasha sigara kabla hamu haijafika kileleni, kisha hudhani ya kuwa ni sigara iliyoishusha. Nesi wa shule yetu alinithibitishia jambo hili nilipomwuliza. Akaongeza kwamba siku 3 za kwanza za kuacha ndizo ngumu, na kwamba taabu nyingine hupungua katika wiki mbili hadi nne.

Basi kazi ikawa moja: kuzijaza dakika tano. Kila hamu ilitafutiwa lake. Ile ya saa 4 mjomba aliipitisha kwa kuondoka pale penye chai na kwenda kupanga matofali, kwa kuwa mahali penyewe palikuwa pakimkumbusha. Ile ya kivulini aliipa ubuyu. Tulikuwa tumejaribu karanga kwanza, lakini karanga huliwa zikaisha mara moja. Ubuyu hukaa kinywani, hufyonzwa, na mbegu zake hutemwa mojamoja, hivi kwamba mdomo na mkono vyote viwili vina kazi. Sijapata kuona mbuyu ukitajwa kwa kazi hii katika kitabu cho chote, lakini kwa fundi wa Dodoma ni dawa iliyo karibu kuliko duka la dawa. Ile ya baada ya ugali aliipa maji ya kusukutua na mswaki.

Hapo nataka kusema neno juu ya kahawa, maana hili halijulikani na wengi. Moshi wa tumbaku, wala si nikotini, hulifanya ini livunje kafeini upesi kuliko kawaida. Mtu akiacha moshi, hata kama amehamia vepu, ini hurudia mwendo wake wa kawaida, na vikombe vile vile vya kahawa humzidi nguvu. Moyo humwenda mbio, usingizi hukimbia, naye hufikiri ni hamu ya sigara imrudiayo. Mjomba alikuwa akinywa vikombe vinne kila jioni. Alipopunguza hadi viwili alilala.

Je, na vepu yenyewe? Chombo hiki, kwa namna kijulikanavyo leo, kilibuniwa na Mchina mmoja mfamasia, Hon Lik, mwaka 2003. Ndani yake mna betri, waya mdogo ushikao moto, na kimiminika chenye nikotini, gliserini, propilini glaikoli na manukato. Waya hukipasha joto kimiminika kikawa mvuke. Kwa kuwa hakuna kitu kiunguacho, hakuna lami ya tumbaku, na kaboni monoksaidi ni haba mno ikilinganishwa na ya sigara. Moshi wa sigara una kemikali zaidi ya 7,000, na zipatazo 70 kati ya hizo zajulikana kuleta saratani. Katika mvuke sumu hizo ni chache zaidi, ingawa si kwamba hazimo kabisa, na madhara ya kuuvuta kwa miaka mingi bado hayajulikani yote. Kwa mtu kama mjomba, aliyekwisha kuvuta moshi miaka zaidi ya ishirini, tofauti hiyo si ndogo.

Lakini nikotini ni ile ile, kwa hiyo hamu haifi. Huhamishwa tu. Tena kuna jambo nililoliona kwa macho yangu. Sigara ina mwisho: huungua hadi kwenye kichungi, mtu akakitupa, akarudi kazini. Vepu haina mwisho. Mjomba alikuwa akivuta mara mbili akipanda ngazi, mara tatu akishuka, hata zile saa ambazo zamani hazikuwa na hamu zikaanza kuwa nayo. Tulipotazama pakiti tukaona imeandikwa asilimia 5. Maana yake ni miligramu 50 za nikotini katika kila mililita, na katika nchi za Umoja wa Ulaya haziruhusiwi kuzidi 20.

Mjomba akajiwekea sheria mwenyewe. Vepu ikae nyumbani kwa mkewe, itumike alfajiri na jioni tu, wala isipande ngazi. Binamu akaombwa atafute yenye nguvu ya 20. Mkewe aliishika sheria hiyo kwa ukali kuliko alivyotarajia mtunzi wake.

Kilichobaki kuwa kigumu ni ule mfuko wa kulia. Watu wengi wahamiao vepu huendelea kuvuta sigara mbili tatu kwa siku, wakijiona wamepona. Uchunguzi uliochapishwa Uingereza katika jarida la madaktari, BMJ, mwaka 2018, ulionyesha kwamba mtu avutaye sigara 1 kwa siku hubeba karibu nusu ya hatari ya ugonjwa wa moyo aliyo nayo mtu avutaye 20. Mtu angedhani ni sehemu ya ishirini, lakini moyo haufuati hesabu hiyo. Nilimsomea mjomba habari hizo. Alinyamaza kitambo, kisha akauliza kama niliisoma vizuri.

Wakubwa wa mambo ya afya hawakubaliani juu ya vepu. Serikali ya Uingereza ilitangaza mwaka 2023 mpango wa kuwapa wavutaji milioni moja vifaa vya vepu ili waache sigara. Uganda, jirani zetu, waliipiga marufuku kwa sheria yao ya mwaka 2015. Shirika la Afya Duniani halipendekezi vepu; katika mwongozo wake wa mwaka 2024 lilitaja ushauri wa mganga, plasta na ubani wa kutafuna wenye nikotini, na dawa kama vareniklini na sitisini. Kwa maoni yangu mwenye kuweza kupata hizo azitumie kwanza, kwa sababu plasta na ubani vina kipimo, na mwisho wake hujulikana. Mjomba aliuliza ubani huo katika maduka mawili ya dawa asiupate, ndipo akaendelea na alichokuwa nacho.

Mambo hayo yote niliyoyasema ni ya mvutaji. Kwa mwanafunzi asiyevuta, hesabu yageuka juu chini. Yeye hana moshi wa kuukimbia, wala hamu ya kutuliza. Vepu ndiyo itakayomletea hamu hiyo kwa mara ya kwanza. Nyingine zina umbo la kalamu au flashi, zina harufu ya embe au ya peremende, na mwalimu akipita bwenini hasikii moshi. Ubongo wa binadamu huendelea kukomaa hadi kama miaka 25, na ubongo wa umri wetu huzoea nikotini upesi kuliko wa mtu mzima. Sheria yetu ya mwaka 2003 hukataza mtu aliye chini ya miaka 18 kuuziwa tumbaku. Mwenye kupewa vepu na rafiki afikirie saa zile tano za mjomba, kisha aziweke katika ratiba yetu: kengele ya kuamka, mstarini, kipindi cha nne, chakula cha mchana, masomo ya usiku. Na mwezi wa Novemba, katika chumba cha mtihani, hakuna ruhusa ya kwenda kupanga matofali.

Siku ya wazazi, mwezi wa Agosti, mjomba alikuja kunitazama. Vepu alikuwa ameiacha nyumbani, kwa kuwa humu hairuhusiwi. Tangu mwanzo wa Julai alikuwa amevuta sigara mbili tu, zote usiku mmoja wa matanga ya jirani. Kikohozi kimepungua. Hamu za saa 4, za mchana na za kivulini zimefifia. Ya jioni huja siku ya malipo. Ya alfajiri ingalipo, nayo sasa humwamsha saa 11, mapema kuliko zamani. Aliniomba nimwachie lile daftari aandike mwenyewe.