Mgonjwa Haulizwi Uji

Sisi tukaao Mpapura na pande zote za Mtwara twaijua methali isemayo, mgonjwa haulizwi uji. Ni kweli, maana mwenye homa hajui limfaalo. Lakini je, mtu mzima mwenye afya na shamba lake, naye asiulizwe? Na tulitazame jambo hili katika habari za nchi yetu.

Mwaka 1967 Mwalimu Julius Nyerere aliandika juu ya vijiji vya ujamaa, akasema watu wasilazimishwe kuingia. Lakini Novemba 1973 alitangaza kwamba kukaa vijijini ni amri, na ifikapo mwisho wa 1976 wote wawe wamehamia. Mahali pengine nyumba zilibomolewa au kuchomwa moto, ili wenyewe wasirudi.

Yatupasa kusema haki: nia haikuwa mbaya. Serikali ilitaka kuwapa watu maji, shule na zahanati, na ni vigumu kuwafikishia hayo watu waliotawanyika. Tena huku kwetu palikuwa na vita ng'ambo ya Ruvuma.

Lakini mikorosho haihamishiki. Mwenyewe alipopelekwa mbali, palizi ilikoma na magugu yakamea. Korosho za Tanzania, zilizofika kama tani 145,000 msimu wa 1973/74, zilipungua hata chini ya tani 20,000 msimu wa 1986/87. Bei ndogo na ugonjwa wa ubwiriunga vilichangia. Kuhamishwa nako kulikuwamo. Mkulima alijua shamba lake liko wapi, lakini hakuulizwa.

Mtume Paulo alipomwandikia Filemoni aliweza kuamuru, walakini alichagua kusihi, ili wema wa ndugu yake utoke moyoni, usiwe wa kushurutishwa.

Basi, serikali tuiheshimu. Amri yafaa pale ambapo tendo la mmoja lamdhuru jirani, kama katika maradhi ya kuambukiza. Bali katika yale yamhusuyo mtu mwenyewe, na afundishwe, aonywe, aulizwe, kisha aachiwe achague.

Nasi tusiinyoshee serikali kidole tu. Waalimu wawaulize watu darasani:

1. Ni mambo gani nyumbani mwetu tunayowaamulia watoto waliokwisha kuwa watu wazima?

2. Je, wazee wa usharika huwauliza washarika kabla ya kukata shauri, au huwapa uji kama wagonjwa?