SOMO LA ROBO HII: AJALI ZA MAJINI, RELINI NA BARABARANI

Mponde hatuna meli wala treni, lakini ajali zake zina la kutufundisha.

1. Majini. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, Ziwa Victoria. Uwezo wake ulikuwa abiria 101. Walifariki watu 228, wakaokolewa 41. Kilikuwa kimejaza kupita kiasi.

2. Relini. Tarehe 24 Juni 2002 huko Igandu, Dodoma, treni ya abiria ilirudi nyuma kwa kasi mlimani, breki zikashindwa kuizuia, ikagongana na treni ya mizigo. Watu 281 walifariki.

3. Barabarani. Ajali za aina hiyo hutikisa taifa, lakini huja mara chache. Barabara huua mmoja mmoja, kila siku. Shirika la Afya Duniani lilikadiria vifo milioni 1.19 vya barabarani duniani kwa mwaka 2021.

Mzigo uliozidi na breki mlimani ni mambo tunayoyajua katika njia ya Soni, Bumbuli na Mponde. Lori lililojaa likiteremka kwa kukanyaga breki mfululizo, breki hupata moto na kuacha kushika. Dereva anatakiwa kuingiza gia nzito kabla ya mteremko. Kwenye bodaboda, kofia ngumu hupunguza majeraha ya kichwa kwa takriban asilimia 69. Ila kofia ni ya kichwa kimoja; abiria wa mshikaki hana yake.

Kamati inapokodi gari la kwaya au la msiba, ndiyo mwenye sauti. Tunashauri:
- Idadi ya abiria ikubaliwe kabla ya safari, si mlangoni.
- Lori la mizigo lisibebe watu.
- Breki na matairi vikaguliwe kabla ya kulipa.

Kwa wafadhili: kofia ngumu na mafunzo ya huduma ya kwanza ni gharama ndogo kuliko kumtunza mlemavu maisha yote.

Maswali ya kujadili:
1. Gari likijaa, nani ana mamlaka ya kusema "basi", na je, atasikilizwa?
2. Watakaobaki watasafirije?

Majibu ya swali la pili yaandaliwe mapema. Bila hayo, la kwanza halitekelezeki.