Vyombo vya Mtoto Nyumbani kwa Bibi

Watoto wengi hukaa kwa bibi zao wakati mama zao walimapo. Basi yafaa bibi naye awe na vyombo vya mtoto nyumbani mwake: chandarua chenye dawa, nepi safi, sabuni, na kikombe chenye kifuniko, maana chupa ya kunyonyea ni kazi kuisafisha.

Tena awekewe sukari, chumvi na kijiko cha chai. Mtoto akihara, maji humwisha mwilini upesi, aweza kufa kabla ya kufika zahanati. Vijiko 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vilivyosawazishwa, vitiwe katika lita 1 ya maji yaliyochemshwa yakapoa. Anyweshwe kidogo kidogo hata njiani, wala asiachishwe kunyonya. Chumvi isizidi.

Walimu, wafundisheni wazee kipimo hiki.