Ekzosi ya Pikapu: Vidokezo 10 kwa Mwenye Gari na Anayepanda Nyuma

Pikapu ikigoma kuwaka, mwenyewe halali. Breki zikilia, atapita gereji jioni ile ile. Lakini ekzosi ikitoboka, gari litanguruma mwezi mzima na mwenyewe ataongeza sauti ya redio. Tumezoea kuiona ekzosi kama kifaa cha kupunguza kelele, tukasahau kwamba ndiyo inayouchukua moshi wa injini na kuupeleka mbali na pua za watu. Kwenye pikapu pua hizo mara nyingi ziko nyuma, juu ya bodi, jirani kabisa na mahali moshi unapotokea. Kwa hiyo vidokezo hivi ni vya mwenye Hilux ya mzigo, Land Cruiser ya mradi au Datsun ya zamani, na pia vya yeyote anayepewa lifti nyuma akielekea mnadani, shambani au msibani.

1. Anza na anayekaa nyuma

Moshi wa gari una hewa iitwayo kaboni monoksidi. Ndiyo hiyo hiyo inayoua watu waliolala na jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa. Haina rangi wala harufu. Ikiingia kwenye damu hushikamana na chembe nyekundu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na mwili unaanza kukosa hewa huku mtu anapumua kama kawaida.

Mwaka 1992 madaktari wa Seattle, Marekani, walichapisha taarifa ya watoto 20, wenye umri wa miaka 4 hadi 16, waliotibiwa kati ya 1986 na 1991 baada ya kuvuta hewa hiyo wakiwa nyuma ya pikapu. Watoto 17 walikuwa chini ya kanopi ngumu iliyofungwa, na 3 walikuwa chini ya turubai. Watoto 15 walipoteza fahamu. Mmoja alifariki, na mwingine akabaki na madhara ya kudumu ya ubongo. Katika visa vyote 20, ama ekzosi ya gari ilikuwa na tundu ambalo tayari lilijulikana, ama mdomo wake ulitokea nyuma badala ya ubavuni. Hapo kwenye kujulikana ndipo panaponiuma. Tundu lilionekana mapema, likaachwa, na watoto wakapandishwa.

Wenye dizeli husema hayo ni mambo ya petroli. Ni kweli injini ya dizeli hutoa kaboni monoksidi kidogo kuliko ya petroli, ila nozeli mbovu, chujio la hewa lililojaa na mzigo kupita kiasi huiongeza. Tena mwaka 2012 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliuweka moshi wa dizeli katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Asiyeuvuta moshi wa aina yoyote ndiye aliye salama.

2. Soma vumbi

Hiki ndicho kipimo ninachokipenda kuliko vyote, na hakina gharama. Pita barabara ya vumbi ukiwa umefunga kanopi na mlango wa nyuma, bila mtu ndani. Ukifika, fungua uangalie. Kama magunia yamegeuka mekundu na mkono unaacha alama juu ya sanduku la spea, umeshapata jibu.

Gari linapokwenda mbio huacha nyuma yake nafasi yenye mgandamizo mdogo wa hewa. Hewa ya chini na ya pembeni hukimbilia kuijaza, nayo hubeba vumbi la matairi na moshi wa ekzosi kwa pamoja, kisha huvutwa ndani kupitia kila upenyo wa mlango wa nyuma. Vumbi unaliona na unalipangusa. Moshi hauachi alama, lakini palipopita vumbi na wenyewe ulipita.

Ndiyo maana kuacha mlango wa nyuma wazi kidogo "ili walio ndani wapate hewa" ni hatari. Dirisha la nyuma la kebini nalo, likiwa wazi huku vioo vya mbele vimepandishwa, huvuta moshi hadi kwa dereva. Mzigo mrefu ukikulazimisha uache mlango wazi, shusha vioo vya mbele, weka feni ivute hewa ya nje badala ya kuzungusha ya ndani, na mtu yeyote asipande nyuma. Turubai lililokazwa pande zote kwa ajili ya mvua nalo linatisha, kwa sababu kingo zake huning'inia hadi karibu na mdomo wa ekzosi na kuukusanya moshi.

3. Bodi ikirefushwa, ekzosi nayo irefushwe

Pikapu nyingi hapa kwetu haziko kama zilivyotoka kiwandani. Tunaongeza bodi, tunajenga keji, tunaweka bampa kubwa. Bomba linabaki na urefu wake wa zamani, na mdomo wake sasa unaishia chini ya sakafu ambayo watu wanaikalia. Mwambie fundi aongeze bomba hadi litokeze nje ya ukingo wa bodi, ubavuni, upande usio na madirisha ya kanopi. Ziba pia matundu ya sakafu, hasa yale ya boliti zilizong'olewa.

4. Zima redio asubuhi

Injini ikiwa ya baridi ndipo ekzosi husema ukweli. Ukiwasha ukasikia mlio wa tik-tik-tik unaokwenda na mwendo wa injini, kisha ukapungua baada ya dakika chache, shuku gasketi ya manifodi au ufa kwenye manifodi yenyewe. Chuma kikipata moto hutanuka na kuuziba ufa kwa muda, na ndiyo sababu ukifika kwa fundi saa sita mchana mlio haupo na wewe unaonekana msumbufu. Mwachie gari usiku kucha, aliwashe mwenyewe asubuhi.

Mvujo wa hapo mbele ni mbaya kwa walio kebini. Moshi hupenya kwenye matundu ya nyaya, kwenye mpira wa gia uliochanika na chini ya pedali. Ukisikia harufu ya moshi ndani huku vioo vimefungwa, simama na uufuatilie. Harufu inatoka kwenye vitu vingine vya moshi, kwa hiyo ikipungua usijipe moyo kwamba kaboni monoksidi nayo imekwisha.

5. Kitambaa, povu na macho

Kagua gari likiwa limepoa kabisa, mahali tambarare, hendibreki imefungwa. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Weka stendi za chuma. Anza manifodi, shuka kwenye bomba la mbele, kipande cha kunyumbuka, katalitiki, sailensa, hadi mkiani. Tafuta mistari myeusi ya masizi kwenye maungio, kwa sababu masizi hujipaka pale pale moshi unapopenya. Bonyeza sailensa kwa bisibisi, hasa upande wa chini na kwenye mishono. Ikibonyea kama karatasi, imeliwa na kutu kutoka ndani.

Kisha paka maji ya sabuni kwenye maungio. Mwenzako awashe injini, na mwingine azibe mdomo wa ekzosi kwa kitambaa kinene kilicholoweshwa, sekunde chache tu, akisimama pembeni. Palipo na tundu patatoa povu au patalia "fsss". Fanyeni haya nje, uwanjani, kamwe si ndani ya gereji iliyofungwa.

Kwa nini sailensa huoza kutoka ndani? Mafuta yakiungua hutoa pia maji. Safari ndefu huyakausha. Safari za kutoka nyumbani hadi dukani na kurudi huyaacha yametuama humo. Ongeza hewa ya chumvi ya Tanga, Mombasa au Unguja, au gari lililokuja kutoka nchi ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji, na kutu haisubiri. Ukinunua pikapu iliyotumika, lala chini uangalie kabla hujasifia rangi.

6. Kiraka cha kopo kikufikishe gereji, basi

Nimeona matundu yaliyofungwa kwa kopo la rangi na waya, kwa kitambaa chenye simenti, kwa bomba la maji. Njiani, gizani, siwezi kumlaumu mtu. Ubaya ni kiraka cha dharura kinapotimiza mwaka. Kata kipande kilichooza, weka bomba jipya la kipenyo kile kile na chomelea vizuri. Kipande cha kunyumbuka kikichanika usikubali kibadilishwe kwa bomba gumu: kinapokea mtikisiko wa injini, na ukikiondoa nyufa zitahamia kwenye manifodi.

Kabla ya kuchomelea, fundi achomoe nyaya za betri na aangalie mabomba ya mafuta na breki yanapita wapi. Cheche haziulizi.

7. Usiuze masega

Kuna wanaopita wakinunua katalitiki kwa sababu masega yake yana platinamu, paladiamu na rodiamu. Kwa pikapu ya petroli, masega hayo ndiyo yanayogeuza sehemu kubwa ya kaboni monoksidi kabla haijatoka nje. Ukiyatoa ukarudisha bomba tupu, kila tundu dogo nyuma yake linakuwa na sumu nyingi zaidi. Bei unayopewa haifanani na unachokitoa.

8. Moto chini ya sakafu

Moshi ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni joto. Katalitiki ikifanya kazi kwa nguvu hupita nyuzi 500 za sentigredi, na juu yake huwa kuna bati la kuzuia joto lisifike kwenye sakafu, nyaya na mabomba. Bati hilo likilegea hupiga kelele, na mafundi wengi huling'oa tu. Mwambie alifunge kwa boliti na washa pana. Raba zinazoning'iniza ekzosi nazo zikikatika bomba hushuka, au huegemea nyaya na mabomba ya breki. Kwenye barabara zenye mawimbi ziangalie kila unapomwaga oili.

Pikapu mpya za dizeli zina DPF, kichujio cha masizi, ambacho hujisafisha kwa kuyachoma masizi hayo kwa joto la karibu nyuzi 600. Kikishindwa kujisafisha huziba, gari likatoa moshi mweupe na kukosa nguvu. Si uzembe wa dereva kila mara: mwaka 2022 Mahakama ya Shirikisho ya Australia iliamua kwamba Hilux, Prado na Fortuner za dizeli zaidi ya 260,000 zilizouzwa nchini humo kuanzia 2015 hadi 2020 ziliuzwa zikiwa na mfumo wa DPF wenye kasoro. Taa yake ikiwaka, soma kitabu cha gari. Mara nyingi linahitaji mwendo mrefu usiokatizwa barabara kuu, si kuzimwa zimwa mjini.

Kwa wote, wa petroli na wa dizeli: usiegeshe juu ya nyasi kavu, mabua ya mahindi au makapi ya mpunga. Ukitoka kupita kwenye majani marefu, simama mahali peupe na uyatoe yaliyonasa chini. Na mtungi wa kuzimia moto ukae kebini, sio chini ya magunia.

9. Usilale injini ikiwaka

Baridi ya Makambako au Limuru humfanya dereva awashe hita, apandishe vioo na kujilaza. Gari likiwa limesimama hakuna upepo wa kusukuma moshi, na kama ekzosi inavuja unakusanyika chini ya kebini na kupanda. Zima. Blanketi ni rahisi kuliko sanda. Vivyo hivyo ukikwama kwenye tope: hakikisha mdomo wa ekzosi haujafukiwa kabla ya kuendelea kukanyaga mafuta.

10. Wakiumwa kichwa wote, simama

Dalili za mwanzo zinafanana na mambo ya kila siku: kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, mwili kuishiwa nguvu. Mtu atasema ni njaa, ni malaria, ni kona za njiani. Jiulize kama kuna homa, na kama wameanza kuumwa pamoja baada ya kupanda. Mtoto aliyelala nyuma mwamshe. Usimhesabu kuwa amechoka mpaka akujibu. Mjamzito hata kama anajisikia nafuu apelekwe hospitali, kwa kuwa mtoto aliye tumboni anaweza kuumia zaidi yake.

Zima injini, watoe wote kwenye hewa safi, mbali na gari, kisha nendeni hospitali kwa gari jingine. Mkifika, mwambie daktari waziwazi: "Walikuwa nyuma ya pikapu iliyofunikwa, na ekzosi inavuja." Usiache kusema hivyo, kwa sababu kile kipimo cha kubana kidoleni hakitofautishi damu yenye oksijeni na damu yenye kaboni monoksidi, na kinaweza kuonyesha namba nzuri kwa mtu anayekufa. Akiachwa apumue hewa ya kawaida, mwili huchukua saa 4 hadi 6 kuondoa nusu tu ya sumu hiyo. Kwa barakoa ya oksijeni muda huo hushuka hadi kama saa moja au moja na nusu, kwa hiyo omba oksijeni mapema, na usiruhusu mgonjwa arudishwe nyumbani kabla hajaipata.