Leo Mwezi Ngapi? Somo la Burudani za Nje na Maji ya Mombasa

Chama chetu cha Kiswahili kimenipa kurasa hizi niandike juu ya burudani za nje hapa kisiwani. Baadhi ya wenzangu walipopata habari hizo walicheka sana. Wakasema, "Kupunga upepo nako kuna somo? Kuogelea ni kujitosa tu!" Mimi nasema lipo somo, tena ni somo la uhai. Burudani zetu nyingi hapa Mvita hazilipiwi hata senti, lakini zina kalenda yake. Kalenda hiyo haikutundikwa ukutani. Iko juu mbinguni, nayo ni mwezi. Asiyejua kuisoma huenda pwani kwa bahati nasibu.

A. MAHALI PA KUBURUDIKIA

Kisiwa chetu ni kidogo, lakini kimezungukwa na maji pande zote. Upande wa kusini-magharibi upo mlango wa Kilindini, ambako meli kubwa hupita na feri za Likoni hukatiza. Upande wa mashariki, chini ya Mji wa Kale, ipo bandari ya zamani ya majahazi, na maji yake huingia ndani hadi hori ya Tudor. Kule Makupa palikuwa na tuta lililoziba maji kwa miaka mingi, mpaka daraja jipya lilipofunguliwa mwaka 2022.

Mtu akitaka kupunga upepo huenda bustani ya Mama Ngina, ambayo wengi tunaiita Lighthouse kwa ajili ya mnara wa taa wa Ras Serani. Bustani hiyo ilitengenezwa upya, na sherehe za Mashujaa za tarehe 20 Oktoba 2019 zikafanyika papo hapo. Chini ya mibuyu mtu hupata madafu, achari, na mihogo ya kukaanga iliyotiwa pilipili na ndimu, huku akitazama meli zikiingia. Wapenda mpira wana viwanja vyao kama Makadara. Wazee wa Mji wa Kale wana baraza zao na bao lao. Watoto nao hurusha tiara penye uwazi. Na karibu na Ngome ya Yesu, iliyoanza kujengwa mwaka 1593 na kuingizwa katika urithi wa dunia mwaka 2011, wapo watu kila jioni waliokuja kuketi tu na kutazama maji.

Hizo zote ni burudani nzuri. Lakini nitakaa zaidi kwenye kuogelea na kutembea pwani, maana huko ndiko kwenye raha kubwa na hatari kubwa.

B. ZIWA NI ZIWA, BAHARI NI BAHARI

Tunaye mwenzetu aliyekulia upande wa Taveta, karibu na Ziwa Jipe. Ni mji mtulivu ulio chini ya miteremko ya Kilimanjaro, na ukifika ziwani waiona milima ya Upare ng'ambo, upande wa Tanzania. Ametusimulia jinsi wanavyopita kwa mitumbwi kati ya matete, na jinsi wanavyojihadhari na viboko na mamba. Kuogelea anajua, tena kuliko wengi wetu tuliozaliwa hapa.

Siku zake za kwanza Mombasa alitufurahisha kwa swali moja. Asubuhi aliyakuta maji yamegusa ngazi. Alasiri akarudi akaona mawe na mchanga mtupu. Akauliza, "Jamani, maji ya asubuhi yameenda wapi?" Watu walicheka, lakini nilipowauliza waliocheka watueleze sababu, kila mmoja alinyamaza! Ndipo nilipoona ya kwamba wenyeji wengi tunajua kuwa maji hujaa na kupwa, lakini hatujui kwa nini wala saa ngapi.

Ziwa halina maji kujaa na kupwa kwa kiasi cha kuonekana kwa macho. Hatari ya ziwa la Jipe ni mnyama. Hatari ya bahari yetu ni mkondo. Wahenga walisema, maji usiyoyafika hujui wingi wake. Kila maji yana desturi yake, na mgeni wa maji yoyote hana budi kuuliza.

C. KWA NINI MAJI HUJAA NA KUPWA

Mwezi huyavuta maji ya bahari, na jua pia huyavuta, ingawa kwa nguvu ndogo kuliko mwezi. Dunia inapozunguka, pwani yetu hupata maji kujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika muda wa saa 24 na dakika 50 hivi. Hizo dakika 50 za ziada ndizo zinazofanya maji ya leo yachelewe kuliko ya jana.

Mwezi unapoandama, na unapokuwa mpevu, jua na mwezi huwa katika mstari mmoja na dunia. Hapo nguvu zao huungana, tukapata BAMVUA: maji hujaa sana na kupwa sana. Hapa Mombasa tofauti ya maji kujaa na kupwa siku za bamvua hupita mita 3, na bamvua kubwa hukaribia mita 4. Huo ni urefu wa watu wawili, mmoja amesimama mabegani mwa mwenzake! Bamvua kubwa zaidi huja siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama au kupevuka. Mwezi unapokuwa nusu, jua na mwezi huvuta pande mbalimbali, nasi tukapata MAJI MAFU, ambayo hayajai sana wala hayapwi sana.

Wanachama wa Kiswahili, tazameni pia lugha yetu ilivyo na hekima. Neno "pwani" lina udugu na kitenzi "kupwa". Pwani ndipo mahali panapopwa. Mababu walipatia jina mahali hapo kwa kazi ya maji yenyewe.

D. HESABU YA BABU

Babu yangu alifanya kazi ya uvuvi ujanani mwake, na hakuwahi kununua jedwali la maji. Yeye huhesabu kwa mwezi wa Kiislamu, ambao huanza mwezi ukiandama. Alinifundisha hivi:

1. Mwezi 15 na mwezi 30, maji hujaa kadiri ya saa 10 jioni na saa 10 alfajiri. Hupwa kadiri ya saa 4 asubuhi na saa 4 usiku.

2. Kila siku moja inayopita, ongeza dakika 48. Njia nyepesi ya kukumbuka ni hii: siku 5 ni saa 4.

3. Ukipita mwezi 15, toa 15 kwanza, kisha uhesabu kama mwanzo.

Kwa hiyo:

Mwezi 5 na mwezi 20: maji hujaa kadiri ya saa 2 asubuhi na saa 2 usiku, hupwa kadiri ya saa 8 mchana.

Mwezi 10 na mwezi 25: maji hujaa kadiri ya saa 6 mchana na saa 6 usiku, hupwa kadiri ya saa 12 asubuhi na saa 12 jioni.

Hesabu hii ni ya kukadiria. Yaweza kukosea kwa nusu saa au hata zaidi, kwa hiyo usiitumie kama saa ya ukutani. Anayetaka dakika kamili atazame jedwali la maji linalotolewa kila mwaka na Mamlaka ya Bandari ya Kenya. Lakini hesabu ya babu ina faida moja: iko kichwani, nawe waweza kwenda nayo popote.

E. MAFUNGU KUMI NA MAWILI

Sasa tufike kwenye kiini cha somo. Kutoka maji kujaa hadi kupwa ni muda wa saa 6 na kidogo. Je, maji hushuka kwa mwendo mmoja? La. Ugawe ule mshuko wote katika mafungu 12. Saa ya kwanza maji hushuka fungu 1. Saa ya pili mafungu 2. Saa ya tatu mafungu 3. Saa ya nne mafungu 3. Saa ya tano mafungu 2. Saa ya sita fungu 1.

Tuseme bamvua la leo ni mita 3 na sentimita 60. Katika saa ya kwanza maji yatashuka sentimita 30 tu, nawe utadhani yamelala. Lakini katika saa ya tatu na ya nne yatashuka sentimita 180 kwa jumla, yaani nusu ya mshuko wote! Na maji yote ya hori ya Tudor hayana njia nyingine kubwa ya kutokea ila kupita chini ya daraja la Nyali, mbele ya Mji wa Kale, mbele ya Ngome, hadi baharini. Mlango mwembamba na maji mengi, matokeo yake ni mkondo.

Yule mwenzetu wa Taveta siku moja alitaka kujitosa ngazini Mji wa Kale mara tu baada ya masomo, kwenye saa 10. Maji yalionekana mazuri, hayana wimbi. Tulimkuta babu barazani.

"Shikamoo babu," tukamwamkia.

"Marahaba. Mwaenda wapi na mataulo?"

"Kuogelea, babu."

"Leo mwezi ngapi?"

Nikamjibu, "Mwezi kumi na mbili."

"Haya, hesabu."

Nikahesabu. Siku 12 mara dakika 48 ni saa 9 na dakika 36. Kutoka saa 10 jioni, maji yangejaa kadiri ya saa 7 na nusu usiku. Kwa hiyo yalikuwa yamejaa mapema, kadiri ya saa 7 mchana. Saa 10 jioni ni saa ya tatu ikiingia ya nne.

Babu akamgeukia mwenzetu. "Babangu, maji yatoka hayo. Ukijitia sasa yatakupeleka mbele ya Ngome hujapiga mikono kumi. Si kwamba hujui kuogelea. Maji ndiyo yajuao zaidi." Kisha akachukua ganda la nazi, akashuka nasi hadi ngazini, akalitupa majini. Lilikwenda mbio kuliko mtu atembeaye. Mwenzetu alilitazama mpaka likapotea kati ya mashua, akakunja taulo lake. Jioni ile tukaenda kula mihogo.

F. KANUNI ZA KUFUATA

(a) Ogelea maji yanapokaribia kujaa na yanaposimama. Yakianza kutoka, toka nawe.

(b) Ukitembea kwenye miamba wakati wa maji kupwa, kama kule Nyali au Bamburi, geuka kurudi mara maji yanapoanza kuja. Yanaweza kujaza bonde lililo nyuma yako kabla hayajafika miguuni pako.

(c) Mkondo ukikuchukua, usishindane nao. Elea, pumua, inua mkono uite. Kisha ogelea kwa kuukata ubavuni, si kwa kuukabili.

(d) Ukimwona mwenzio azama na wewe si hodari, usijitose. Mtupie kamba, dumu tupu lililofungwa kifuniko, au ubao. Ita watu wa mashua. Kanuni hii yatuhusu hata sisi tusiogelea, wasichana kwa wavulana. Mtu aliyeketi ufuoni anaweza kuokoa maisha bila kulowa.

(e) Uangalie upepo pia. Kusi, kuanzia Aprili hadi Septemba hivi, huleta mawimbi makubwa kwenye pwani iliyo wazi. Kaskazi, Desemba hadi Machi, huwa na nafuu. Kati yake ni maleleji, upepo unapogeuka, na mara nyingi bahari hutulia.

Msidhani haya ni mambo madogo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria ya kwamba watu 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, na karibu nusu yao hawakuwa wametimiza miaka 30. Hao ni marika yetu na wadogo zetu.

G. MASWALI YA KUJIPIMA

1. Leo ni mwezi 17. Maji yatajaa saa ngapi jioni? Je, saa 10 yatakuwa yanaingia au yanatoka?

2. Leo ni mwezi 23. Je, ni bamvua au maji mafu? Maji yatakuwaje saa 10 jioni?

3. Eleza tofauti ya "maji yamepwa" na "maji yanatoka". Ni wakati gani wenye hatari zaidi kwa muogeleaji?

4. Tumia katika sentensi: mkondo, bamvua, maleleji, hori.

(Majibu ya 1 na 2: Saa 11 na dakika 36 jioni, nayo saa 10 yatakuwa yanaingia. Mwezi 23 ni maji mafu, na saa 10 jioni yatakuwa yamepwa.)

Ndugu zangu, bahari yetu ni uwanja mkubwa kuliko viwanja vyote vya kisiwa hiki, na haina kiingilio wala mlinzi wa mlangoni. Hekima hii imo vichwani mwa wazee walioketi barazani, na wao hawataketi hapo milele. Mwendeeni mmoja wiki hii, mwamkieni, mumuulize jinsi anavyohesabu maji. Halafu kabla ya kuchukua taulo, ulizaneni wenyewe: leo mwezi ngapi?